Gari Lililopiga Magoti Msinga

Mfanafuthi Zondi aliendesha malori miaka thelathini na moja, kutoka bandarini Durban hadi Lubumbashi na kurudi, na jambo moja alilotoka nalo huko ni kutoamini gari lisilo na kelele. Kwa hiyo Alhamisi ile mchana, gari refu jeusi la Kijerumani lilipokuja kimyakimya na kusimama mbele ya ua wake, hakuinuka. Alibaki kwenye kiti chake cha plastiki akimenya chungwa.

Mlango ukafunguka, akashuka Sakhile. Huyu alikuwa mtoto wa marehemu mdogo wake, na Mfanafuthi ndiye aliyemlea tangu ana miaka sita. Sasa alikuwa na thelathini na miwili, kazi yake katika kiwanda cha mbao Greytown, na keshokutwa, Jumamosi, washenga walikuwa waende Msinga kumposea Nokulunga, binti wa Mchunu.

"Baba mkubwa," Sakhile akasema, meno yote nje. "Unaonaje?"

"Naona gari. La nani?"

"Letu."

Mfanafuthi akaacha kutafuna. "Rudia."

"Letu, baba mkubwa. Na usiogope bei. Lilipokuwa jipya ungeuza nyumba mbili ulipate. Mimi nimelichukua kwa ng'ombe watatu tu!"

Chungwa likawekwa chini.

"Ng'ombe watatu wa nani, Sakhile?"

Hapo meno yakarudi ndani. Maana kwa Mchunu walikuwa wametajiwa ng'ombe kumi na mmoja, kama desturi ilivyo, na Sakhile alikuwa ameweka fedha za hao kumi na mmoja miaka minne, randi kwa randi, hata nyama alikuwa hanunui ila mwisho wa mwezi. Sasa walibaki wanane. Na Mchunu alikwisha kutuma neno kwamba binti yake amengoja vya kutosha, washenga waje Jumamosi hii na jambo la maana au wasije tena.

Mfanafuthi akalizunguka gari kama mtu anayezunguka nyoka bila kujua kama amekufa. Akachungulia dashibodi. Kilomita laki nne na elfu kumi na mbili.

"Aliyeniuzia anasema lilikuwa la daktari," Sakhile akajitetea. "Alikuwa analiendesha Jumapili tu, kwenda kanisani."

"Hilo kanisa lilikuwa Kairo?"

"Baba mkubwa..."

"Vipuri vyake je? Umeuliza? Au unadhani gari likishuka bei na vipuri vinalionea huruma vinashuka nalo?"

"Sikutaka mwende kwa wakwe zangu na ile pikapu ya kukodi inayonuka nguruwe. Nilitaka waone nawaheshimu."

Mfanafuthi akashika kichwa kwa mikono miwili. Kijana huyu amesoma hadi darasa la kumi na mbili, anajua kuhesabu mbao za kontena zima kwa kuangalia tu, na hili dogo halijui! Mtu akienda kuomba binti huenda mnyonge. Gari huachwa mbali, watu wakatembea, wakafika na vumbi miguuni. Wenye binti wakiona umekuja na gari la waziri, kabla hujakaa wameshajua wakukamue wapi.

"Basi mwite mwenye pikapu," akasema. "Nguruwe ni wanyama wazuri."

"Nilishamwambia asije. Amepata safari nyingine."

Jumamosi kabla jua halijatoka wakaondoka wawili: Mfanafuthi kwenye usukani, na pembeni yake jirani yake Muziwakhe, mshenga mwenzake, mtu mwenye maneno matamu na akili za likizo. Bwana harusi mwenyewe haendi kwenye shughuli hiyo, kwa hiyo Sakhile alibaki ugani akipunga mkono.

"Nondaba!" Muziwakhe akamwita kwa jina la sifa la ukoo wa Zondi. "Kiti kinanipasha moto makalio! Gari gani hili, linakupenda kuliko mke!"

"Huo si upendo, ni waya unaungua. Zima."

"Hakizimiki."

Kwenye kona ya kwanza ya kushoto, gari likapiga honi lenyewe. Mfanafuthi akatazama mikono yake, ilikuwa mbali na honi. Kona ya pili ya kushoto, honi tena. Taa ya njano ikawaka, ikafuatiwa na nyekundu, kisha kioo kidogo cha katikati kikaandika sentensi ndefu ya Kijerumani yenye alama ya mshangao.

"Linasemaje?" Muziwakhe akauliza.

"Linakusalimia."

Walipoteremka kwenye bonde la Tugela, joto likapanda, na mshale wa joto wa gari ukapanda nalo. Mfanafuthi akafungua madirisha yote na kuwasha hita ili kuipunguzia injini moto, ujanja wa madereva wa malori. Wakafika Msinga wamelowa jasho, na masuti yao ya heshima yamewaganda mgongoni.

Mpango ulikuwa mmoja tu na Mfanafuthi aliurudia njia nzima: gari litaachwa dukani, barabarani, karibu kilomita mbili kutoka kwa Mchunu. Akaliegesha nyuma ya duka, kwenye kivuli, akazima. Gari likatoa pumzi ndefu, fsssss, na taratibu likashuka chini mbele, halafu nyuma, hadi tumbo likakaribia kugusa mchanga. Halikuwa na springi kama magari ya watu. Lilibebwa na mifuko ya hewa, na mifuko hiyo ilikuwa imechoka.

"Limepiga magoti," Muziwakhe akasema kwa mshangao. "Hata lenyewe linajua tumekuja kuomba."

"Chukua fimbo yako twende."

Wakatembea. Walipofika kwenye lango la Mchunu walikuwa na vumbi hadi magotini, na Mfanafuthi akaridhika kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi. Akasimama nje, akavua kofia, akaita kwa sauti sifa za ukoo wa wenyeji: "Macingwane! Tumekuja kuomba uhusiano mwema, Macingwane!" Hakuna aliyeitika. Mwanamke akapita uani na ndoo, asiwaone. Waliachwa juani saa nzima, kama inavyotakiwa, Mfanafuthi akiita na kuita hadi sauti ikakwaruza, ndipo wakafunguliwa.

Ndani walikuwepo Mzee Mchunu mwenyewe, aliyefanya kazi migodini hadi kifua kikakataa, mtu wa maneno machache, ndugu zake wawili, na dada yake mkubwa, Shangazi Ntombizodwa. Mfanafuthi alimtazama mara moja huyo shangazi akajua kazi iko hapo.

"Mmekuja na nini?" Shangazi akauliza.

"Na miguu yetu, mama," Muziwakhe akadakia, kabla Mfanafuthi hajamkanyaga. "Tumetembea tangu usiku. Sisi ni watu wa chini kabisa. Gari tunalisikia tu likipita."

Mfanafuthi akafumba macho. Kunyamaza kulitosha! Nani alimtuma aongeze chumvi?

Lakini mambo yakaenda. Walieleza kwamba wana ng'ombe wanane mkononi, na watatu wanaomba waletwe baadaye. Shangazi akasema mtoto wao hauzwi kwa mkopo. Mfanafuthi akasema kijana amelelewa bila baba, anajinyima nyama. Ndugu mmoja akauliza kijana anakunywa? Hanywi. Anapiga watu? Hajawahi hata kupiga mbwa. Ndugu wakanong'onezana. Mwisho Mzee Mchunu akakohoa, akafuta mdomo, akasema, "Wanane leo. Watatu kabla ya Krismasi. Naona ni watu wasiojikweza."

Mfanafuthi akahisi mabega yake yanashuka. Alikuwa anafungua mdomo kushukuru, pikapu ikaingia uani kwa kasi na mwenye duka akaruka chini.

"Macingwane! Samahani jamani. Hao wageni wako wameacha gari lao nyuma ya duka langu, lile jeusi la kifahari, sasa linapiga honi lenyewe na halinyamazi! Wateja wote wamekimbia!"

Chumba kikawa kimya. Na kwa sababu kilikuwa kimya, na kwa sababu bonde la Msinga hubeba sauti mbali, wote wakaisikia: piiiiiiiii.

"Gari mnalisikia tu likipita," Shangazi Ntombizodwa akasema polepole.

"Mama..."

"Nyamaza wewe mwenye miguu! Watu wa chini kabisa! Mmetukalia hapa, mmetuona washamba, fedha mmeficha! Kaka, kumi na mmoja wote leo hii, hapa, na faini ya uongo juu yake. Kama hawana, waondoke na honi yao."

Mfanafuthi akamtazama Muziwakhe. Muziwakhe akatazama dari. Mfanafuthi akamfikiria Sakhile, miaka minne bila nyama, ameketi huko nyumbani simu mkononi anasubiri, na vyote vinakwenda na maji kwa ajili ya bati jeusi lenye viti vya ngozi. Kitu kikamkatikia ndani. Akasimama. Mshenga hasimami kabla ya kuruhusiwa, alijua hilo vizuri.

"Twendeni!" akasema. "Wote! Mmesema tumeficha mali. Twendeni mkaione mali!"

"Kaa chini, Nondaba," ndugu mmoja akaonya.

"Sikai! Nimekaa tangu Alhamisi! Wazee wangu, mtanitoza faini ya kusimama pia, lakini twendeni."

Mzee Mchunu akachukua fimbo yake na kuinuka. Wakapanda pikapu ya mwenye duka, Shangazi mbele, wengine nyuma.

Gari lilikuwa pale pale, tumbo mchangani, likilia kama mtoto aliyeachwa sokoni. Mfanafuthi akafungua boneti, akachomoa waya wa betri kwa mkono mmoja. Kimya kikarudi.

"Hili hapa," akasema, na sasa hakuwa mshenga tena, alikuwa dereva wa lori mwenye hasira. "Laki nne na elfu kumi na mbili. Rejeta imezibwa kwa gundi, tazama. Hapa mafuta yanavuja, na hapa, na huku yangevuja ila yamekwisha. Kiti cha kushoto kinachoma makalio, muulizeni huyu. Likikata kushoto linapiga honi. Mtoto wangu kalinunua kwa ng'ombe watatu. Ndio hao watatu tunaowaomba mtusubirie! Kalinunua ili nyinyi muone anawaheshimu, maana hana mtu wa kumwambia mambo ila mimi, na mimi sikuwahi kumwambia. Lichukueni! Liwe badala ya hao watatu, tumalize."

Mzee Mchunu akainama kwa shida, akachungulia chini ya gari, akakaa huko muda mrefu. Akainuka akijipangusa magoti.

"Silitaki," akasema. "Ng'ombe akianguka tunakula nyama. Hiki kikianguka tutakula nini?"

Ndugu yake akacheka, kisha mwenye duka. Shangazi Ntombizodwa alijikaza, mdomo ukamshinda nguvu, akageuka upande.

"Dada," Mzee Mchunu akasema, "mtu aliyenunua hiki hana fedha ya kuficha. Hata angekuwa nayo, hiki kingeshaila."

"Walidanganya," Shangazi akasema.

"Walidanganya."

"Basi wanane leo, watatu kabla ya Krismasi, kama ulivyosema. Na mbuzi mmoja wa faini." Akamnyooshea Muziwakhe kidole. "Wewe ndiye utakayemleta. Kwa miguu, kutoka kwenu mpaka hapa. Si unapenda kutembea?"

"Mama, ni zaidi ya kilomita arobaini!"

"Ondokeni usiku. Mmeshazoea."

Wakarudi nyumbani kwa Mchunu, fedha za wanane zikapokelewa, wakala, wakanywa. Jua lilikuwa limeanza kulegea walipoaga na kurudi kwenye gari. Mfanafuthi alikuwa na matumaini madogo kwamba lile gari limepumzika. Akarudisha waya wa betri. Honi ikaanza pale pale ilipoachia.

Alichomoa fyuzi moja baada ya nyingine. Taa zikafa, redio ikafa, kiti cha Muziwakhe kikafa hatimaye, lakini honi haikujali. Waya wake ulikuwa umefichwa nyuma ya bampa, na bampa lenyewe halitoki mpaka uvunje nusu ya gari. Na bila betri haliwaki. Pampu ikakoroma dakika kumi, gari likajiinua kutoka magotini, wakaondoka hivyo hivyo, piiiiiiiii, wakapanda mlima wa Greytown.

Kijiji cha kwanza wanawake wakatoka mbio barabarani, wakaona gari jeusi linalong'aa, wazee wawili ndani na masuti, honi moja kwa moja. Wakapiga vigelegele. Kijiji cha pili, watu walikuwa wameshasikia kabla gari halijafika, wamejipanga pande zote mbili, mmoja anacheza katikati ya barabara.

"Punga mkono, Nondaba!" Muziwakhe akapiga kelele, kichwa nje ya dirisha, anawapungia kama mfalme. "Wanadhani ni harusi!"

"Ingiza kichwa chako, mwenye mbuzi wewe!"

Simu ikaita. Muziwakhe akaiweka sikioni mwa Mfanafuthi.

"Baba mkubwa?" Alikuwa Sakhile. "Wamesemaje? Mbona kelele hizo?"

"Wamekubali!"

"Nini?"

"WAMEKUBALI! Una mke!"

Upande wa pili kukasikika kama mtu anayelia, au anayecheka. Mfanafuthi mwenyewe akakaza macho barabarani. Kisha Sakhile akavuta kamasi na kuuliza:

"Na gari, baba mkubwa? Limewafikisha vizuri?"

Mfanafuthi akaichukua simu, akanyoosha mkono nje ya dirisha mpaka karibu na boneti, akaishikilia hapo mpaka kijiji cha tatu.