Chungwa la Mvuke

Mume wangu, Kuang Yonghe, alitoboa miamba jijini Shenzhen kwa miaka kumi na moja, kwenye misingi ya maghorofa. Alirudi kwetu mkoani Hunan na vumbi la mawe mapafuni. Daktari alituambia wazi kwamba vumbi halitoki, na kwamba kitakachomuua huenda kikawa mafua tu. Mafua ambayo mtoto wa shule huyamaliza kwa siku nne.

Kazi yangu basi ikawa moja: asipate mafua. Mimi napima dawa katika zahanati ya mji wetu. Nina stashahada ya dawa za mitishamba na miaka kumi na tisa mbele ya ule ukuta wa droo za dawa. Kila kiangazi, katika siku za jua kali kuliko zote, nilimbandika mgongoni plasta za haradali na tangawizi mpaka ngozi ikaiva, maana mafua ya Januari huzuiwa Julai. Nilimkataza kukaa shingo wazi. Mgeni mwenye chafya nilimrudisha akiwa mlangoni. Shangazi yake alininunia miaka miwili, nikamwacha anune.

Mama mkwe tuliishi naye. Mwaka juzi alimfunga Yonghe kitunguu saumu kilichopondwa kwenye kitovu, ngozi ikatoka malengelenge. Nilimwambia mbele ya majirani, "Mama, ukimpa tena mwanao kitu bila kuniuliza, humgusi." Aliokota maganda ya kitunguu akaingia ndani. Nilidhani tumeelewana.

Mafua yalikuja wiki ya pili ya Januari.

"Mama Rui, nimepiga chafya," Yonghe aliniambia asubuhi, kama mtu anayekiri wizi.

"Ngapi?"

"Tatu. Ya nne niliimeza."

"Toa ulimi."

"Wenzangu huulizwa wameamkaje. Mimi natolewa ulimi kama mbuzi mnadani."

"Mbuzi huangaliwa meno. Toa."

Alitetemeka chini ya mablanketi mawili na makamasi yake yalikuwa maji matupu. Hayo yalisema mafua ya baridi, ambayo dawa yake ni ya kuchemsha damu: tangawizi, mdalasini, mgonjwa atoke jasho. Lakini ulimi ulikuwa na utando wa manjano, na manjano ni joto. Dawa ya joto ni kupoza. Ukimpa mwenye joto tangawizi unamwagia mafuta motoni, na mwenye baridi ukimpoza unamfungia baridi ndani. Nilimtazama ulimi mara ya pili. Kisha nikaamua kwamba baridi ilikuwa juu tu, imeshageuka joto ndani. Hutokea. Nilishaona mara nyingi. Nikachemsha maua ya kupoza pamoja na mnanaa, nikampa bakuli mbili siku hiyo na mbili siku ya pili. Kila asubuhi nilitazama ulimi, na kila asubuhi ulikuwa wa manjano. Naye kila siku alizidi kutetemeka.

"Dawa yako inanipa baridi ya mifupa," alisema.

"Inafanya kazi."

"Na mimi je, nitafanya lini?"

Siku ya tatu mvua ya barafu ilikata umeme wa zahanati, wakaturudisha nyumbani saa nne asubuhi. Nilipofungua mlango nilimkuta mama mkwe ameketi kitandani kwa mwanawe, bakuli mkononi. Ndani ya bakuli mlikuwa na chungwa lililokatwa juu kama kofia, limetiwa chumvi na kuiva kwa mvuke. Alikuwa anamlisha nyama ya lile chungwa kwa kijiko. Midomo ya Yonghe iling'aa kwa maji ya manjano.

"Tangu lini?" niliuliza.

Mama alilishika bakuli kwa mikono miwili. "Tangu alfajiri ya siku ya kwanza, alipokohoa. Linalegeza kifua, mkwe wangu. Mama yangu alitupa sote, watoto tisa."

"Kila asubuhi? Kabla sijamtazama ulimi?"

"Wewe huchelewa kuamka."

Nikamgeukia mume wangu. "Na wewe ukanitolea ulimi uliopakwa rangi."

"Chungwa ni chungwa tu, Mama Rui. Nikikwambia, utamfokea. Nikimkatalia, atalia. Nina pumzi ya ugomvi mmoja kwa siku, siwezi miwili."

Nilimsukutulisha kwa maji ya uvuguvugu mara nne, kisha nikakwangua ulimi kwa kijiko. Chini ya manjano ulikuwa mweupe, mzito, umelowa kama ukuta uliopakwa chokaa jana. Baridi tupu. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hufundishwa hilo wiki ya kwanza: uliza amekula nini ndipo usome rangi. Sikuuliza. Nyumba ile hakuna aliyekula bila ruhusa yangu, ningeuliza nini?

"Nimemdhuru?" Mama alisema.

"Subiri kwanza niwashe jiko."

Nilichemsha tangawizi, mdalasini na mizizi myeupe ya vitunguu majani. Nilimfunika mpaka masikio. Jasho lilitoka kidogo, homa ikashuka kwa saa moja, ikapanda tena juu zaidi. Kufika saa tisa midomo yake ilikuwa imeanza kuwa na rangi ya zambarau. Nikaita gari.

Hospitali ya wilaya walimpiga picha ya mapafu na kumtundikia dripu. Daktari alikuwa msichana mdogo, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Nilimpa karatasi niliyoandikia kila kitu, pamoja na saa.

"Angepewa dawa ya moto siku ile ya kwanza," nilimuuliza, "ingekuwa hivi?"

Alisoma karatasi mpaka mwisho. "Ulitakiwa kumleta siku ile ya kwanza."

"Sikuuliza hilo."

"Najua. Ila hilo ndilo ninaloweza kukujibu, dada."

Siku ya sita alinionyesha picha mbili, ya kwanza na ya mwisho. Sikuhitaji maelezo. Mapafu yalikuwa meupe juu mpaka chini, hapakubaki pa kuingia hewa. Yonghe alikuwa bado anaweza kusema maneno machache.

"Nyumbani," alisema.

"Hapa wana mashine kubwa."

"Mama Rui. Nyumbani."

Tukamrudisha na mashine ndogo ya oksijeni. Rui, binti yetu, alikuja kutoka shule ya bweni akakaa miguuni pake. Alipopiga chafya alijifunika uso kwa mto, akatoka mbio nje bila kuambiwa. Nilimfuata nikamwambia arudi ndani. Alinitazama kama mtu asiyenijua.

Mama mkwe hakuingia chumbani tena mpaka nimuite. Alikaa jikoni, mikono imelala mapajani. Nilitaka kumwambia kwamba chungwa halimuui mtu, na ni kweli, haliui. Lakini angeuliza ni nini basi kinachomuua. Nikaendelea kuosha vyombo.

Alasiri ya siku ya pili tangu turudi, Yonghe aliomba maji. Mama alisikia kutoka jikoni. Alikuja mpaka mlangoni na kikombe kitupu, akasimama.

"Mkwe wangu, naruhusiwa kumpa maji?"

"Mpe, Mama."

"Ya moto au ya baridi?"

Kwetu mgonjwa hapewi maji ya baridi. Kwa miaka kumi na tisa nimewagombeza watu wazima kwenye dirisha la zahanati kwa sababu ya jambo hilo hilo.

"Yoyote," nilisema.

Mama aliweka kikombe chini. Kisha akashika fremu ya mlango, na kilio chake kikatoka bila sauti. Alipomaliza alijifuta uso kwa mkono wa koti, akarudi jikoni, nikamsikia anayapasha maji.