Pombe Iliyotoka Rugera

Shemeji yangu Rwegoshora hajawahi kusoma kitu kirefu kuliko risiti ya kahawa, lakini barua yangu aliisoma yote. Aliikuta mezani nilipokuwa shambani: "Mpenzi, ngome imezingirwa. Njoo na farasi wako uniokoe kabla sijazeeka humu." Chini imeandikwa: Deodatus, Rugera.

Deodatus ni karani mstaafu wa mahakama. Tulikutana kwenye semina ya waandishi Kayanga, tukagundua tuna ugonjwa mmoja: hadithi za Ulaya ya kale, za mashujaa wa deraya na mabibi wa ngomeni. Tukaanza kutunga yetu kwa barua, yeye akiandika kama bibi, mimi kama shujaa. Nilikataa katakata kuwa bibi. Kukaa dirishani nikisubiri nilishafanya vya kutosha kwenye ndoa.

Ukoo ukaitwa. Wazee watano wakaketi sebuleni kwangu hapa Kibingo, na Rwegoshora akasema mjane wa ndugu yao anatongozwa kwa maandishi. Nichague: barua zikome, au niondoke kwenye kibanja, shamba letu la nyumbani, migomba na kahawa niliyoitunza miaka kumi na tisa ibaki kwa ukoo. Kibanja kinanilisha, lakini ni kwenye barua zile tu ninapoulizwa ninafikiri nini. Sikuwa tayari kuachia hata kimoja.

Nikawaeleza habari za shujaa na bibi. Mzee Mutabazi, mkubwa wao, akauliza kwa upole kwa nini mwanamume mzima aombe kuokolewa. Nikamjibu kwamba wote huomba, ila wengine hawajui kuandika.

Muda wote huo walikuwa wakipokezana kibuyu cha rubisi, pombe yetu ya ndizi, kilicholetwa mchana na bodaboda. Deodatus alikuwa amesikia nimeitwa kikaoni, akawatumia wazee kibuyu cha heshima. Rwegoshora alidhani ni faini yangu, akamimina bila kuuliza mengi. Nilingoja mpaka kibuyu kikaisha, ndipo nikawaambia kimetoka kwa Deodatus, nikawakumbusha wanachokijua kuliko mimi: wazee wa ukoo wakinywa pombe ya mwanamume mgeni, wamemfungulia mlango. Hawawezi tena kumkataza salamu zake.

Wakatazamana. Rwegoshora ndiye aliyezinduka kwanza. Vizuri, akasema, kama ni hivyo basi mimi, mjane wao, nimeposwa. Deodatus alete mshenga, nihamie Rugera, na kibanja kirudi kwa wenyewe. Alikuwa anatabasamu, na moyo wangu uliwaka.

"Shemeji," nikasema, "mimi sijaionja hata tone. Pombe mmekunywa ninyi, basi walioposwa ni ninyi."

Mzee Mutabazi alicheka mpaka akakohoa. Akasema barua ziendelee, na kibanja changu kisiguswe na mtu. Kisha akamgeukia Rwegoshora, akamuuliza wamdai Deodatus mbuzi wangapi wa mahari kwa ajili yake.