Vidonge vya Mama wa Bibi Harusi

Tangu Ludwine ashindwe kuinua mikono, kazi ya kusuka maziwa ilihamia kwa mume wake, na kijiji kizima kikapata la kusema.

Gerson alikuwa na ng'ombe themanini na sharubu za kuheshimiwa. Kila alfajiri alikaa mlangoni na kibuyu mapajani, akikisukasuka mpaka maziwa yageuke omaere, yale ya mgando yaliyo machachu kidogo, ambayo mtu wa kabila lao, Mherero, akiyakosa asubuhi hujiona kama hajaamka. Dada yake Elfriede alikuwa hapiti bila kutupa neno.

"Kaka, ukimaliza hayo maziwa, njoo unisuke na nywele."

"Nenda zako, Elfriede."

"Naenda. Lakini unasuka vizuri, sikufichi. Mama angekuona angelia."

Ludwine alisikia kutoka ndani akacheka, kisha akashika ubavu. Hata kucheka kulimuuma. Mwaka wa sita sasa alikuwa akiota majipu kwapani. Likipona hili lilichipua lile, likapasuka, likaacha kovu gumu lililovuta ngozi. Alikuwa ameoga kwa sabuni za kila namna, akidhani ni uchafu, mpaka Daktari Mwansa wa kliniki ya mjini, Mzambia mpole mwenye miwani, alipomwambia, "Mama, wewe ni msafi kuliko mimi. Ni mwili wako umejikasirikia wenyewe. Huo ni uvimbe wa kudumu, na haumwambukizi mtu."

Dawa ya kwanza ilikuwa ya kuutuliza mwili huo. Ikautuliza, ila ikamletea mengine. Sukari ilipanda. Uso ulivimba ukawa duara kama sahani. Kanisani wanawake walimsifu, "Ludwine, umenawiri! Gerson anakulisha nini?" Akawa anaitikia asante, na akifika nyumbani anajitazama kwenye kioo, anamwona mgeni. Daktari akampunguzia dawa ile kidogo kidogo mpaka ikaisha. Uso wake ukarudi, na majipu nayo yakarudi.

Ndipo daktari alipotaja tetrasaiklini, dawa ya kuua wadudu wa magonjwa, vidonge viwili asubuhi na viwili jioni, kwa miezi mitatu.

"Hiyo si ya ng'ombe?" Gerson aliuliza.

"Ya ng'ombe ni ndugu yake, mzee."

"Basi naijua. Ng'ombe wangu nampiga sindano mbili, tumemalizana. Ukimpa kila siku, wadudu wanaizoea. Siku ya ugonjwa wa kweli unabaki na chupa ya maji ya rangi."

"Unasema kweli kabisa," daktari alimjibu. "Ndiyo maana simpi kila mtu. Hapa naitumia zaidi kutuliza uvimbe kuliko kuua wadudu. Lakini wadudu hawajui nia yangu, watajifunza tu. Lazima tupime faida na hasara."

Ludwine akakubali, kwa sababu moja tu. Mwezi wa nane binti yao Erna alikuwa anaolewa. Siku hiyo wanawake hujifunga ubao mguuni na kucheza ngoma, wakikanyaga ardhi mpaka iitike, na mama wa bibi harusi ndiye hutangulia, mikono juu. Ludwine hakutaka kukaa kwenye viti pamoja na wagonjwa huku watu wengine wakicheza ngoma ya binti yake.

Wiki sita zikapita. Hakukosa hata kidonge kimoja. Majipu hayakujali.

Siku ya miadi waliingia kwa daktari wote wawili, Gerson na kofia yake mkononi. Daktari alimtazama Ludwine makwapa, akanawa, akarudi kitini.

"Mama, nilitarajia zaidi. Sioni sababu ya kukulisha dawa isiyofanya kazi. Naweza kukuandikia dawa mbili zenye nguvu, lakini na zenyewe zina mizigo yao. Au nikupeleke mji mkuu wakakate hiyo ngozi."

"Wakinikata nitapona kabla ya mwezi wa nane?"

"Hapana."

Ludwine alitazama mikono yake, imelala mapajani kama vitu vya mtu mwingine. "Dawa ya kwanza ilinipa uso usio wangu," alisema taratibu. "Hii imenipa kichefuchefu bure. Sasa unataka kunipa mbili kwa mpigo."

"Niulize kitu kwanza. Unameza kwa tumbo tupu, kama nilivyokwambia?"

"Tupu kabisa. Hata kipande cha mkate sitii mdomoni."

"Mimi ni shahidi," Gerson akadakia, akajinyoosha kwenye kiti. "Kila asubuhi namletea mwenyewe. Vidonge mkono huu, kikombe cha omaere mkono huu. Jioni vilevile. Hajawahi kuteremsha dawa kwa maji matupu kama mtu asiye na kwao."

Daktari akaweka kalamu chini. "Kikombe cha nini?"

"Omaere."

"Maziwa?"

"Omaere, daktari."

Mlangoni nesi Hilde, Mherero mwenzao, alikuwa ameshika mafaili. Akaanza kucheka polepole, kisha akalazimika kuegemea ukuta.

"Mzee," daktari alisema, "nilisema tumbo tupu."

"Tupu! Kuna omaere tu!"

"Daktari usimgombeze," Hilde alisema akifuta macho. "Kwetu omaere si chakula. Ni kama kunawa uso. Mtu akiniambia nisile kitu, na mimi nitakunywa kwanza ndipo nisile."

Daktari akaeleza kwamba maziwa huikamata dawa hiyo tumboni, vikashikana kama wapenzi, vikatoka pamoja bila kufika kwenye damu. Sehemu kubwa ya vile vidonge vya wiki sita ilikuwa imeishia chooni. "Na mimi nina kosa," akaongeza. "Nimekaa hapa miaka minne, sikuuliza."

Gerson aliizungusha kofia yake, akaizungusha tena. "Kwa hiyo nilikuwa namnyima dawa mke wangu kwa mikono yangu mwenyewe. Na mimi nikijisifu."

Ludwine alimtazama mume wake, zile sharubu zimeshuka, na kicheko kikamtoka kabla hajakizuia. Alicheka mpaka akashika ubavu. "Baba Erna, mwanamume gani mwingine anamsukia mkewe maziwa? Umeniharibia kwa mapenzi. Nani atanihurumia?"

Walipotulia, daktari alisema mambo bila kuyapamba. Waanze upya, zimebaki wiki kumi na moja kabla ya harusi. Jua litamuunguza upesi zaidi akiwa anatumia dawa. Tumbo linaweza kusumbua. Na hakuna anayeweza kumwahidi kitu.

"Jua halinisumbui, gauni langu linafagia chini," Ludwine alisema. "Nitaanza. Lakini siku ya mwisho tuiandike leo, kabla sijameza cha kwanza. Ng'ombe hafungwi kamba bila mtu kujua atafunguliwa lini. Siku hiyo tutatazama. Kama haikunisaidia, siitaki hata wiki moja zaidi. Na nikiona mwili unageuka kama mara ile, nakuja siku hiyo hiyo, sisubiri miadi."

Daktari akaandika tarehe.

Nyumbani ikawa vita. Vidonge kwa maji, kisha muda wa saa mbili bila omaere. Gerson alikificha kibuyu nyuma ya magunia, akaketi mbele yake kama mlinzi wa benki.

"Tone moja tu," Ludwine alimbembeleza siku ya tatu.

"Hata ukilia."

"Wifi, njoo kwangu, nina omaere!" Elfriede akapaza sauti kutoka nje.

"Elfriede, nitakufungulia mbwa!"

Wiki ya tano kitambaa alichoweka kwapani kilitoka kikavu. Wiki ya saba hakukuwa na jipu jipya. Siku moja Gerson alimkuta anaanika shuka, peke yake, kwenye kamba ya juu. Alikaa chini, akavua kofia, akatazama mpaka shuka ya mwisho.

Siku ya harusi Ludwine alijifunga ubao mguuni, akaingia uwanjani mbele ya wanawake wote. Nyimbo zilipopanda, aliinua mikono kama pembe za ng'ombe. Wa kulia ukafika juu kabisa. Wa kushoto, kovu likauvuta, ukakwama usawa wa sikio.

"Wifi!" Elfriede akapiga kelele. "Pembe moja imepinda!"

"Hiyo ndiyo inayochoma!" Ludwine akamjibu, akamwendea mbiombio, akakanyaga ubao kwa nguvu hata vumbi likaingia kwenye masufuria ya nyama, na wapishi wakaja juu.