Mlangoni kwa Tuda

Batul alikuwa hodari wa kupiga picha za visogo. Siku ya kwanza ya safari, Mwalimu Ghali alipozikagua picha alizopiga sokoni Marrakesh, alikuta migongo ya wapagazi, visogo vya wauza viungo, na kina mama waliokuwa wakienda zao. Uso hata mmoja haukuwamo.

"Bi Batul," mwalimu alisema, "watu wote hawa uliwakosea nini hata wakupe kisogo?"

Basi zima likaangua kicheko. Aliyecheka kuliko wote ni Shama, muuza vitambaa wa Tetuan aliyepangiwa kulala naye chumba kimoja. "Mwenzetu anapiga picha kama mwizi anayekimbizwa," alisema, "ila wanaokimbia ni wao!"

Batul alicheka nao, lakini lilimchoma. Alikuwa mjane, mfamasia wa Meknes, na maisha yake yote kazini ameyamaliza akitazama mikono ya watu na karatasi za madaktari, si nyuso. Mabinti zake ndio waliomlipia likizo hii ya kujifunza upigaji picha, na kamera wakamnunulia, wakamwambia, "Mama, toka nje uone watu." Lakini kumwomba mtu asiyemjua atulie ampige picha kulimwia vigumu kama kumwomba akope kwa niaba yake.

Walivuka milima, wakateremka kusini, hata wakafika bonde la Tagmut, kwa akina Idder. Idder ndiye aliyekuwa kiongozi wao, mtu mrefu wa makamo, mpole, mwenye mzaha wa chinichini. Walishukia nyumba ya wageni ya ukoo wake. Jikoni alikuwapo mama yake, Ittu, bibi kizee wa mgongo uliopinda, aliyewapokea kwa mkate wa moto na zeituni na hakusema neno.

Ng'ambo ya mto, mkabala na nyumba hiyo, kilisimama kijiji cha kale: kuta ndefu za udongo mwekundu, minara iliyomeguka, vichochoro vilivyoezekwa juu kiasi cha kuwa giza hata jua likiwa utosini. Mafuriko yalikuwa yamekihamisha kijiji hicho zamani. Watu walivuka, wakajenga upande huu, na hawakurudi.

Kesho yake asubuhi walivuka kwa kukanyaga mawe. Langoni, Mwalimu Ghali alitoa utepe mweusi akaziba kioo cha kuonyesha picha nyuma ya kila kamera, akawaachia kitundu cha kulengea tu.

"Leo hakuna kuchungulia," alisema. "Mkipiga, mkichungulia, mkipiga, mkichungulia, macho yanalala. Na lenzi mtazizungusha kwa mkono, mlenge wenyewe. Chagueni kitu kimoja, kiwe wazi. Vingine viacheni vififie."

Idder alikuwa ameshakaa juu ya jiwe nje ya lango. "Humo hamna mtu," alisema. "Mkisikia mlango, ni upepo."

"Na wewe?" Shama aliuliza. "Kiongozi gani huyu anayeongoza kwa kidole?"

"Viatu vipya, dada. Vumbi la humo halitoki."

Batul aliingia na wenzake, lakini vichochoro viligawanyika kama mishipa, na punde akajikuta peke yake. Ubaridi ulimshuka mabegani. Sauti ya Shama, ambayo hupenya hata ukuta, ilikatika ghafla kana kwamba mtu amefunga mlango. Alipiga picha ya bawaba. Alipiga picha ya ngazi isiyofika popote. Kisha akasikia *shuku, shuku, shuku*, mlio mwepesi na mkavu, akaufuata.

Kwenye kizingiti, mahali ambapo tundu la paa liliangusha mwanga mnyoofu, mwanamke alikuwa amekaa akichekecha unga juu ya sinia lililojaa.

"Umepotea au umefika?" mwanamke aliuliza bila kuinua kichwa. Aliuliza kwa Kiamazighi, na Batul, ambaye mama yake alikuwa Mmazighi wa milimani, alikielewa.

"Nimefika, mama. Samahani, niliambiwa hamna mtu."

"Ndivyo wanavyosema."

Batul alikumbuka visogo vyake, akakumbuka kicheko cha kwenye basi. Sijui ni ule upweke wa mahali pale uliompa ujasiri, lakini alijisikia akisema, "Mama, utaniruhusu nikupige picha?"

Chekeche ilisimama. Mwanamke akainua kichwa, akamtazama. "Hakuna aliyewahi kuniomba," alisema. Akajipangusa mikono, akavuta ushungi wake ukae sawa. "Nitazame wapi?"

"Hapa, kwangu."

Batul alilenga jicho la kushoto la yule mama, akaizungusha lenzi taratibu hata kope zikaonekana moja moja, akapiga. Moyo ulimdunda kama wa msichana.

"Nimeonekana?" mwanamke aliuliza.

Kioo kilikuwa kimezibwa. Batul hakujua. Lakini utamwambiaje mtu mzima aliyekukaribisha mlangoni kwake kwamba hujui?

"Umeonekana, mama. Vizuri kabisa."

"Basi waambie kule ng'ambo," alisema yule mama, na chekeche ikaanza tena. "Waambie nimeonekana."

Batul hakumwambia mtu. Alitaka iwe zawadi. Jua lilipokaribia kuzama walikusanyika sebuleni mwa nyumba ya wageni, chai ya nanaa ikamiminwa, na Mwalimu Ghali akaanza kurusha picha zao ukutani kwa projekta. Ilipofika zamu ya Batul, akakaa wima.

Picha ikatokea. Kuta zilikuwa zimefifia, mlango umefifia. Kizingitini hapakuwa na mtu.

"Nafasi ni nzuri, mwanga mzuri," mwalimu alisema akijikuna shingo. "Ila Bi Batul, ulilenga nini hapa?"

"Jicho lake."

"La nani?"

Batul alinyoosha kidole kizingitini. Mwalimu alisogelea ukuta. "Tazameni. Mlango haukulengwa, sakafu haikulengwa. Kilicho wazi ni hewa tu, hapa mbele ya mlango. Vumbi limeonekana punje kwa punje. Kwa kulenga kwa mkono huwezi kulenga hewa kwa bahati namna hii. Jicho lazima lishike kitu."

"Mbona hapo katikati vumbi halifiki?" Shama aliuliza.

Wote wakatazama. Ndani ya ule mwanga vumbi lilijaa kila mahali, isipokuwa pale kizingitini, ambapo palikuwa safi. Palianzia chini papana, pakapanda pakipungua, kisha pakawa na umbo la mviringo juu. Aliyewahi kumwona mwanamke aliyekaa amejifunika ushungi hakuhitaji kuambiwa. Shama alijivuta karibu na Batul. Mwalimu akaiondoa picha haraka, akaweka ya mtu mwingine.

Idder, aliyekuwa amesimama mlangoni na birika mkononi, alitoka nje. Batul akamfuata uani.

"Alikuwa akifanya nini?" Idder aliuliza bila kugeuka.

"Akichekecha unga. Ni nani, kaka?"

"Bibi yangu. Mama mzaa baba. Tuda." Aliliweka birika chini kwa uangalifu kana kwamba limejaa. "Siku ya mafuriko watu walikimbia kwa makundi. Walipofika upande huu wakaanza kuulizana. 'Umemwona Tuda?' 'Nimemwona, yuko na wale wa nyuma.' Wa nyuma wakaulizwa, wakasema, 'Tumemwona, yuko na wa mbele.' Hakuna aliyetaka watu waanze kupiga mayowe, kila mtu akaitikia tu. Kila mtu alimwona, Bi Batul. Hadi maji yalipopungua ndipo ikajulikana kwamba hakuna aliyemwona."

"Mlimpata?"

"Ushungi wake tu."

Lile neno alilolisema kizingitini, kwa adabu tu, lilimrudia likiwa zito kama jiwe. *Umeonekana, mama.* Usiku ule hakulala vizuri, na Shama, aliyekuwa akisoma Ayatul Kursi chini ya blanketi, hakulala pia.

Asubuhi, wengine wakinywa supu, Batul alimwendea Idder. "Nivushe."

"Ukafanye nini?"

"Nilimwambia uongo. Nakwenda kuuondoa."

Idder alimtazama kama anayemtazama mgonjwa, lakini alimvusha. Langoni akasimama palepale pa jana. "Mimi mwisho wangu hapa," alisema. "Si viatu. Unajua."

"Najua."

Kamera alimwachia Idder. Aliingia mikono mitupu, akiipapasa kuta, na safari hii hakupotea hata kidogo. Vichochoro vilikuwa kama vinampisha. Aliusikia ule mlio kabla hajakata kona ya mwisho.

Tuda alikuwa amekaa palepale, lakini amempa kisogo.

Nywele zilimsimama Batul. Akasema bismillahi.

"Ulisema nimeonekana," sauti ilisema.

"Nilikosea, mama. Sikuwa nimetazama. Kwenye picha hukuonekana. Mimi nilikuona kwa macho yangu tu."

*Shuku, shuku.* Kisha chekeche ikasimama. "Kwa macho yako uliona nini?"

Batul alifungua kinywa, akagundua kwamba hakumbuki. Alikuwa ameona mwanga, ameona kope, amesikia moyo wake mwenyewe, lakini mtu hakumwona. Akakaa chini vumbini. "Geuka, mama, tafadhali," alisema. "Nikutazame."

Kile kichwa kiligeuka taratibu mno, kama kitu ambacho hakijageuzwa siku nyingi. Batul alitamani kufumba macho. Hakufumba. Akaanza kusema kwa sauti kile alichokiona, kama anayemsomea kipofu.

"Una alama ya chale kidevuni, ya buluu, kama tawi dogo. Jicho la kulia lina kijipele kwenye kope. Jino la chini, hapa mbele, limevunjika pembeni. Una hina kwenye vidole, imefifia, imebaki kwenye kucha. Unyusi wa kushoto una kovu, nywele hazioti hapo. Umechoka, mama. Na unatabasamu kidogo upande mmoja, kama mtu aliyezoea kuzuia kicheko."

Unga ulishuka kutoka kwenye chekeche, mweupe ndani ya mwanga, na Batul alisema baadaye kwamba hakuona ukifika chini. Alimtazama hadi Idder alipoanza kumwita kutoka mbali kwa sauti ya mtu aliyeingiwa na hofu. Alipogeuka kumwitikia na kurudisha macho, kizingiti kilikuwa kitupu.

Jikoni, Ittu alikuwa akikanda unga. Idder alimweleza mama yake kwa maneno machache, akasimama kando. Batul akarudia aliyoyaona, moja baada ya jingine. Alipofika kwenye jino, mikono ya bibi kizee ilisimama ndani ya unga.

"Alilivunjia kwenye kokwa la tende," Ittu alisema. Ndiyo mara ya kwanza Batul kuisikia sauti yake. "Siku ya harusi yangu. Alicheka hadi akalia." Akajipangusa mikono. "Hatukuwa na picha yake hata moja. Mume wangu amekufa akilalamika kwamba amesahau uso wa mama yake. Tuda alikuwa na hasira?"

"Hapana. Alikuwa na kazi."

"Unga ulikuwa mwingi?"

"Sinia limejaa hadi linamwagika."

Ittu alifunga macho. "Ametuandalia sote," alisema. "Bado anadhani tuko njiani."

Hakuomba ushauri wa mtu. Aliwaita wakwe zake na wajukuu, mikate ikachomwa, siagi na asali vikatiwa kwenye vikapu, na kabla ya adhuhuri ukoo mzima ukavuka mto. Ittu alibebwa mgongoni na Idder, aliyelivuka lile lango akiwa amekaza taya. Mwalimu Ghali aliahirisha safari ya siku ile bila kunung'unika, akawaomba wanafunzi wake waziache kamera kwenye basi. Shama alibeba birika.

Walikula kichochoroni, mbele ya kile kizingiti, wamebanana, wakipitishiana mikate gizani. Mwanzoni walinong'ona. Kisha mzee mmoja akasema kwa sauti, "Tuda, tumefika," na wengine wakarudia, mmoja mmoja, kila mtu kwa jina lake: mimi fulani mwana wa fulani, nimefika. Wajukuu waliozaliwa miaka mingi baada ya mafuriko nao wakasema. Batul, ambaye hakuwa wa ukoo, alijibana ukutani, maana kila jina lilipotajwa alihisi mtu akipita mbele yake kwa upole, kama mwenyeji anayewahudumia wageni.

Walipomaliza, Ittu alikataa kubebwa. "Tangulieni," alisema. "Nina maneno na mama mkwe wangu."

"Mama, peke yako?" Idder alisema.

"Nani amekwambia peke yangu? Ondokeni."

Wakatoka, wakamngoja ukingoni mwa mto juani. Hapakuwa na upepo. Kisha, kutoka ndani kabisa ya kijiji, walisikia sauti ya Ittu ikisema kitu kirefu, ikikatika, ikilia, ikiendelea. Ikanyamaza. Na halafu wakasikia kicheko. Si cha mtu mmoja, ni cha wanawake wawili, kile kicheko cha jikoni ambacho mmoja anamwambukiza mwenzake hata wote wawili hawawezi kukizuia.

Shama alimshika Batul mkono, akauminya hadi ukauma. Idder alikaa chini juu ya mawe, akajifunika uso kwa viganja.

Ittu alitoka mwenyewe, akijishikilia ukuta, ushungi umekaa upande. Aliomba maji, akanywa yote, akawatazama watu wa ukoo wake kama aliyetoka safari ya mbali na kuwakuta wamekua.

"Haya, twendeni nyumbani," alisema. "Yeye amelala."