Kompyuta Iliyokaa Eda

Matanga ya Asadi yalianuliwa Mikindani siku ya Jumapili, na Jumatatu asubuhi mkewe, Mwanaidi, alikuwa ndani ya bajaji akienda kazini Mtwara mjini, amevaa gauni jeupe na mtandio mweupe, macho hayana wanja. Mke aliyefiwa anatakiwa akae ndani miezi minne na siku kumi. Mwanaidi alilijua hilo tangu hajavunja ungo, na hakuna alichokitaka zaidi ya hicho: akae mkekani, asionane na wanaume wa nje, asijipake kitu, amlie mumewe mpaka amalize. Lakini msimu wa korosho ulikuwa umechanganya, na Nassoro, mwenye ofisi ya kutoa mizigo bandarini, alikuwa amempigia simu matanga hayajaisha. Alimpa pole vizuri tu. Kisha akamwambia dini yetu ni nyepesi, haimbebeshi mja asichokiweza, na asipoonekana Jumatatu, kiti chake kina watu wanaokimezea mate.

Basi akaenda. Angefanyaje?

Mume na mke walikuwa wakifanya kazi ofisi hiyohiyo. Mwanaidi alipokea wateja na kupanga mafaili. Asadi aliandaa nyaraka za makontena kwenye laptopu ya ofisi. Na jinsi alivyoipenda ile kompyuta, mtaa mzima ulijua. Aliondoka nayo jioni, akairudisha asubuhi, na baada ya chakula aliipakata mapajani huku chai aliyotiliwa na mkewe ikipoa. Mwanaidi aliiita mke mwenza. Akikasirika aliiita bi mdogo, na Asadi alicheka, mwanamume yule, badala ya kukanusha.

Sasa kompyuta ikagoma kuwaka. Ukibonyeza, kitaa cha bluu kinatokea, feni inaguna kidogo, kisha kimya. Akabonyeza Nassoro, akabonyeza dereva, akabonyeza mpaka mlinzi. Akaitwa fundi, Rajabu wa Chuno, mtu mpole anayefanya kazi bila kelele. Rajabu akabadilisha chaja. Akachomoa betri, akabana kitufe cha kuwashia kwa muda, akarudisha betri. Akafungua kifuniko cha chini, akatoa memori, akaisugua kwa ufutio kama wafanyavyo mafundi wote, akapuliza. Ikaguna, ikazima. Akaenda nayo dukani kwake, na alipoirudisha ilikuwa vilevile, ingawa kila kifaa ndani yake kilikuwa kizima.

"Hebu wanaume tutoke," akasema Rajabu. "Dada, ibonyeze wewe."

Wakatoka. Mwanaidi akabonyeza. Kompyuta ikawaka bila kusita, kioo cheupe kote, hakina picha wala maandishi, na ule mlio wake wa kuwaka haikuutoa. Wakatazamana, wajane wawili. Nje Nassoro akakohoa, na kioo kikafa palepale.

Rajabu akaingia, akaanza kukusanya bisibisi zake. Akaeleza kwamba mashine haina hitilafu, iko eda. Alishaletewa simu ya mkononi ya marehemu nahodha mmoja, yenye shida hiyohiyo. Wenyewe hawakuwa na subira, wakailazimisha, ikaungua. Dawa yake ni kungoja tu.

Nassoro akashusha pumzi. Alikuwa mtu wa swala tano.

"Ingekuwa jambo jingine ningebishana nawe, fundi," akasema. "Eda, siwezi."

Stoo ikafagiliwa siku hiyohiyo. Likatundikwa pazia, ukatandikwa mkeka mpya, kompyuta ikalazwa juu yake na kufunikwa shuka jeupe. Wanaume wakakatazwa kupita upande ule. Nassoro mwenyewe akaacha kujipulizia manukato akija kazini, maana ukuta wa stoo ni wa mbao na harufu inapenya. Na kwa kuwa mtu wa eda haachwi peke yake, na mwanamke pale ofisini ni mmoja tu, Mwanaidi akapewa kazi ya kuihudumia: kuipangusa vumbi, kuitia chaji, kuisomea Yasini kila Ijumaa. Nyaraka za makontena akaziandika kwa mkono, kazi yake na ya marehemu pamoja.

Siku moja alisimama mbele ya meza ya Nassoro mpaka yule bwana akainua macho.

"Bosi, niruhusu nikae nayo mle ndani. Nitaandika humohumo, nisitokee tu mbele za watu. Na mimi nimefiwa na mtu yuleyule."

Nassoro alimtazama kwa huruma, na huruma yenyewe ilikuwa ya kweli.

"Usijilinganishe, Mwanaidi. Yule nikimlazimisha anaungua. Wewe si unaweza?"

Na kweli aliweza. Hilo ndilo lililomchoma, kwamba kila asubuhi aliamka, akaweza. Machozi ya kumlilia Asadi hayakupata nafasi. Mchana kuna wateja, na jioni alifika Mikindani hoi, akalala na gauni lake, chai mezani haijaguswa.

Habari za stoo zikafika kwa mama yake Asadi, Bi Mwaisha, aliyekuwa akimwona mkwewe anapanda bajaji kila siku na kumpa kisogo. Akaja mwenyewe kutazama. Akainua pazia, akakaa mkekani na kompyuta kutwa nzima, akaondoka akisema kumbe mwanawe ameacha mtu mwenye haya.

Siku ya kutoka eda Bi Mwaisha alikuja ofisini na wanawake wa mtaani, wamebeba doti mpya ya kanga, hina na chetezo. Mwanaidi alipoziona zile kanga, alisogea mbele. Siku zake zilikuwa zimetimia pamoja na za kompyuta, maana marehemu alikuwa mmoja. Akanyoosha mikono.

"Tukutoe wapi, mwanangu?" akasema Bi Mwaisha, wala hakusema kwa ubaya. "Anatolewa aliyekaa. Wewe ulikuwa njiani. Hebu tuwashie mkaa."

Mwanaidi akawasha mkaa. Wanawake wakaifunua kompyuta, wakaipangusa kwa marashi, wakaifukiza udi, wakaifunga kanga, wakapiga vigelegele. Ikawaka yenyewe. Ikatoa mlio wake, ikaandika: *Karibu tena, Asadi.* Bi Mwaisha akaangua kilio, wenzake wakamshika. Nyuma ya pazia Nassoro akasema Alhamdulillahi, akauliza kama sasa mtu anaweza kuingia.

Pilau ikaliwa. Karani mpya wa kushika nafasi ya Asadi alikwishapatikana, na aliagizwa aende na kompyuta taratibu, asiwe na pupa. Lakini kwa siku ile Nassoro alimletea Mwanaidi kompyuta pamoja na karatasi zote alizokuwa ameziandika kwa mkono, akamwomba azichape kabla hajarudi nyumbani. Mwanaidi akaipakata mapajani. Ilikuwa na joto. Akachapa mpaka jioni.

Ndani ya bajaji gauni lake jeupe lilinukia udi. Dereva, aliyezoea kumbeba, akageuka.

"Hongera, dada. Kumbe umemaliza eda?"

"Bado sijaanza," akasema Mwanaidi. "Nilikuwa kazini."