Nani Anakata Matete?

Tegua hiki, mjukuu wangu, wala usikurupuke: nikimkata ananenepa, nikimhurumia anaanguka. Ni nani? Hujui? Usione haya. Hata Kokulinda binti Byabato, mwalimu wa chuo kikuu, hakujua, na nusura akose shahada yake ya udaktari.

Binti huyo wa Bukoba alikuwa akisomea namna ya kulinda fukwe kwa mimea badala ya kuta za zege. Miaka mitatu nyuma alipanda vitalu viwili vya matete kule Igombe, mahali ambapo mawimbi ya ziwa yalikuwa yakimega ardhi. Kimoja alikizungushia kamba. Kingine alikiacha wazi, na huko kuna mtu alikuwa akikata. Kila akija, anakuta visiki.

"Nani anakata matete yangu?" aliwafokea akina mama wanaoanika dagaa.

Mmoja akakohoa, mwingine akageuza dagaa waliokwisha kugeuzwa. Kokulinda akasimika kibao: UKIKATA, FAINI. Kwenye daftari akaandika: kitalu cha pili kimeharibiwa.

Ikafika siku ya Profesa Luhaga, msimamizi wake, kuja kuona kama kazi imefaulu. Alfajiri hiyo ilipita dhoruba. Kokulinda alishuka mbio hadi kwenye kitalu cha kamba. Matete yote chini! Mabua makongwe, makavu, na maji yamekula ardhi hatua nne. Miaka mitatu, hivyo hivyo tu.

"Na kule?" akauliza profesa aliyemfuata nyuma.

Kule kwenye visiki, matete mabichi yalisimama yamebanana hata kifaranga asingepenya. Nyuma yake ardhi nzima, na vichanja vya dagaa havikutikisika. Kokulinda akacheka huku machozi yanamtoka.

"Usicheke bado," profesa akasema. "Yanakatwa vipi? Lini? Bila hilo huna tasnifu."

Kokulinda akang'oa kibao chake, akaenda nacho hadi vichanjani, akapiga goti.

"Shikamooni, mama zangu. Faini imekufa, na kosa ni langu. Naomba mnifundishe. Nani anakata?"

Mama Dorcas, yule aliyekohoa siku ile, akafuta mikono kwenye kanga, akachomoa mundu chini ya kichanja.

"Marahaba, mwanangu. Kwanza uliuliza kama mgambo, nani angekujibu? Keti. Maji yakipungua, unakata ukiacha shubiri moja juu ya maji, kisiki kisioze, kichipue upya. Ni mimi ninayekata."