Makofi ya Ngollo

Kifuniko cha chungu kiligonga kabla ya alfajiri, na Bi Mwamvita akakizuia kwa kidole wajukuu wasiamke. Unga wa vitumbua ulikuwa umeumuka vizuri. Kila Ijumaa alipika sadaka ya marehemu mumewe, na vya kwanza vilikuwa vya Ngollo, kipofu aliyewahi kubeba mizigo ya Wazungu vitani.

Ijumaa hii moyo wake haukutulia. Mbiu ilikuwa imepigwa sokoni kwamba atakayenyoosha mkono kuomba hadharani atafungwa, kisha arudishwe kwao. Kwao Ngollo kulikuwa nje ya Nzega, na huko hakubaki hata mtu wa kumtilia maji. Basi Bi Mwamvita akamwonya mapema: afiche mikono kwapani, anyamaze, chakula atawekewa mapajani. Ngollo akakubali.

Lakini alikuwa Mnyamwezi aliyelelewa kwa adabu. Vitumbua vya moto vilipomgusa mapajani, pale alipoketi nje ya msikiti, mikono ilitoka yenyewe. Akapiga makofi ya shukrani, taratibu, kama alivyofundishwa na mama yake.

Askari wawili walikuwa wamesimama kando ya ukuta wa msikiti.

"Kipofu, unampigia nani ngoma?" mmoja akauliza, akicheka.

Rungu likashuka juu ya vidole. Bi Mwamvita alisikia mfupa ukivunjika. Likashuka tena, kwenye kifundo cha mkono, kisha mdomoni, na meno yakaanguka kati ya vitumbua pamoja na damu. Bi Mwamvita akamfunika kwa mwili wake. Pigo lililofuata likampata yeye begani, na buti likamtafuta Ngollo mbavuni.

"Hakuomba," alisema. "Nimempa mimi."

"Na wewe unataka kufungwa, bibi?"

Askari wa pili, Damas, akamshika mwenzake mkono, akamvuta nyuma. Kisha akapiga magoti, akatoa leso yake safi, akavifunga vidole vile polepole kama anayemfunga mtoto.

Mbele ya hakimu Damas alieleza alichokiona. Haikusaidia. Mikono ilitoka, akasema hakimu: jela, kisha kwao.

Bi Mwamvita alikwenda gerezani bega likiwa limevimba. Alimega kitumbua vipande vidogo, akamlisha upande wenye meno. Ngollo aliinua mikono iliyofungwa apige makofi, ikashindikana, akaishusha. Akainamisha kichwa badala yake.

"Uje tena, Bi Mwamvita," alisema. "Hata wakinipeleka kwetu, uje unitazame."